Rufaa na habeas corpus katika mahakama za shirikisho Marekani: namna ya kupima nafasi ya ndugu yako

Kabla ya yote, tazama tarehe ya hukumu. Kama jaji wa shirikisho ameandikisha hukumu ndani ya siku 14 zilizopita, usiendelee kusoma. Mwambie ndugu yako amwandikie wakili wake leo hii sentensi moja: nataka kukata rufaa. Nawe mtumie wakili huyo ujumbe wenye maneno hayohayo, kisha utunze nakala zenye tarehe. Ukishamaliza, rudi hapa.

Mwongozo huu ni kwa familia za Waswahili walio Marekani, na walio nyumbani wanaochangishana kumlipia mtu aliyefungwa huko. Swali linaloulizwa kila mara ni "ana nafasi gani?", na wengi hujibiwa na mtu anayetaka kulipwa. Humu utajifunza kulipima mwenyewe, angalau kwa kiasi cha kujua nini cha kumwuliza wakili. Hautoshi kuwa badala ya wakili.

Takwimu kwanza, bila kuzipaka rangi

Katika rufaa za jinai za shirikisho zinazofikia uamuzi, zile zinazobadilisha hukumu ni chini ya 10 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Kwenye habeas corpus, yaani ombi la kumtaka jaji achunguze kama mtu amefungwa kihalali, hali ni ngumu zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt wa mwaka 2007 ulipitia maombi ya wafungwa wa majimbo yaliyopelekwa mahakama za shirikisho. Kwa wasiohukumiwa kifo, aliyepata nafuu ya aina yoyote alikuwa takribani mmoja katika kila 300. Kwa waliohukumiwa kifo, takribani mmoja katika kila 8.

Tazama pengo hilo. Waliohukumiwa kifo sheria inawapa wakili wa habeas. Hao wengine, walio wengi mno, waliandika maombi yao wenyewe wakiwa gerezani. Pengo lina sababu zaidi ya hiyo, lakini linakuonyesha kwamba namba ya jumla imechanganya watu wasiofanana: waliochelewa, waliogonga mlango usio wao, waliokwisha kusaini kwamba hawatakata rufaa, na wachache wenye hoja nzito iliyoandikwa vizuri. Kazi yako ni kujua ndugu yako yuko wapi kati ya hao.

Hatua ya 1: Jua ni mahakama gani iliyomhukumu

Watu huchanganya hapa, na kosa hilo linakula miezi. Chukua hati ya hukumu usome jina la kesi. Likianza na "United States of America", kesi ni ya shirikisho. Likianza na "State of", "People of" au "Commonwealth of", ni ya jimbo.

Aliyehukumiwa na shirikisho hukata rufaa katika mojawapo ya mahakama za rufaa za kanda. Baada ya hapo, ombi lake la aina ya habeas hupitia kifungu cha 2255 cha Kitabu cha 28 cha sheria za shirikisho, na hurudi kwa jaji yuleyule aliyemhukumu, ikiwa bado yupo kazini. Aliyehukumiwa na jimbo humaliza kwanza ngazi zote za mahakama za jimbo, ndipo aende mahakama ya shirikisho kwa kifungu cha 2254. Yule anayepinga kuzuiliwa kwenyewe, kwa mfano aliyewekwa kizuizini na idara ya uhamiaji, hutumia kifungu cha 2241. Fomu zake ni AO 243 kwa ombi la 2255, AO 241 kwa la 2254, na AO 242 kwa la 2241. Karani wa mahakama huzitoa bure. Ombi la 2255 halina ada. Hayo mengine mawili ni dola 5. Ukisikia mtu anakutoza mamia ya dola "kwa ajili ya fomu", ondoka hapo.

Hatua ya 2: Hesabu siku, tena kwa kalenda mkononi

Notisi ya rufaa ya jinai ya shirikisho ni siku 14 tangu hukumu kuandikishwa. Jaji anaweza kuongeza hadi siku 30 nyingine kukiwa na sababu ya kuridhisha, lakini usipange maisha juu ya hisani hiyo. Notisi yenyewe ni karatasi moja. Hoja huandikwa baadaye.

Ombi la 2255 lina mwaka mmoja tangu hukumu iwe ya mwisho. Kama hakukata rufaa, hukumu huwa ya mwisho zile siku 14 zikiisha. Kama alikata akashindwa na hakwenda Mahakama ya Juu, ni siku 90 baada ya uamuzi wa mahakama ya rufaa. Kama alikwenda Mahakama ya Juu ikakataa kumsikiliza, ni siku ile ya kukataliwa. Mfungwa asiye na wakili huhesabiwa amewasilisha siku aliyoikabidhi barua kwa maofisa wa gereza, kwa hiyo atumie utaratibu wa barua za kisheria na aandike tarehe hiyo kwenye karatasi.

Kwa mfungwa wa jimbo, mwaka huo husimama wakati ombi lake sahihi liko mbele ya mahakama za jimbo. Hausimami kwa sababu tu ombi liko mahakama ya shirikisho. Wengi hupeleka shirikisho mapema, wakafutiwa kwa kuwa hawajamaliza jimboni, na wakirudi wanakuta mwaka umekwisha.

Je, kutojua Kiingereza kunasimamisha saa? Peke yake, hapana. Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2010, katika kesi ya Holland v. Florida, kwamba muda unaweza kusogezwa kwa mtu aliyekuwa na bidii lakini akazuiwa na jambo lisilo la kawaida. Mahakama za rufaa zimeweka wazi kwamba asiyejua lugha lazima aonyeshe alitafuta msaada akaukosa. Kwa hiyo kila mara ndugu yako anapoomba mkalimani au kitabu cha sheria gerezani, aombe kwa maandishi na abaki na nakala. Ombi lililokataliwa leo linaweza kuwa ushahidi mwakani.

Hatua ya 3: Soma alichosaini

Zaidi ya watuhumiwa 9 kati ya 10 wanaoadhibiwa katika mahakama za shirikisho walikiri kosa, wengi kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Makubaliano hayo mara nyingi yana aya inayosema mtuhumiwa ameacha haki ya kukata rufaa. Ukiikuta, rufaa ya kawaida imebanwa sana. Kwa kawaida hubaki mianya michache: adhabu iliyopita kiwango cha juu kilichowekwa na sheria, kukiri kusikokuwa kwa hiari au kwa kuelewa, na udhaifu wa wakili wake.

Hata hivyo usiache kumwambia wakili apeleke notisi. Katika Garza v. Idaho, mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilisema wakili aliyeagizwa kukata rufaa akakaa kimya amemkosea mteja wake hata kama mteja alisaini kuacha haki hiyo, na mteja hahitaji kuthibitisha kwamba angeshinda. Anarudishiwa rufaa yake. Ndiyo maana nimesisitiza ule ujumbe wenye tarehe: bila huo, ni neno la mfungwa dhidi ya neno la wakili.

Hatua ya 4: Kwa rufaa, tafuta kosa lililo ndani ya kumbukumbu

Mahakama ya rufaa haisikilizi kesi upya. Majaji watatu husoma kumbukumbu za mwenendo wa kesi na hoja za pande mbili. Shahidi mpya hakubaliwi, na kesi nyingi huamuliwa bila mawakili kusimama kuzungumza. Jambo ambalo halikuandikwa mle, kwao halikutokea.

Kisha uliza maswali mawili kwa kila kosa unaloliona. La kwanza: wakili aliweka pingamizi palepale? Kama aliweka, majaji watalipima kosa kwa kipimo cha kawaida. Kama alinyamaza, mrufani lazima aonyeshe kasoro iliyo dhahiri, iliyoathiri haki zake, na inayotia doa heshima ya mahakama. Wachache huvuka hapo. La pili: kosa ni la sheria au la busara ya jaji? Tafsiri ya sheria majaji wa rufaa huiangalia upya bila kumstahi jaji wa chini. Uamuzi wa busara, kama vile kumruhusu shahidi fulani, huuacha usimame isipokuwa umevuka mpaka. Hoja ya "ushahidi haukutosha", ambayo familia huipenda kuliko zote, ni miongoni mwa dhaifu kabisa, kwa kuwa ushahidi wote husomwa kwa namna inayoupa nguvu upande wa mashtaka.

Hata hoja inayoonekana nzito kwa macho ya kawaida inaweza kuanguka. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, aliyeshtakiwa kwa milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya 1998, alikamatwa 2004 na kufikishwa New York 2009 tu, baada ya kushikiliwa na shirika la kijasusi na kisha Guantanamo. Kati ya mashtaka 285 alikutwa na hatia katika moja, akafungwa maisha. Alikata rufaa kwamba haki yake ya kushtakiwa bila kucheleweshwa ilivunjwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Pili ikamkatalia.

Hoja zinazofaulu zaidi kuliko watu wanavyodhani ni za hesabu ya adhabu. Adhabu za shirikisho hupimwa kwa jedwali la pointi, na pointi zikihesabiwa vibaya, kiwango chote huhama. Mwaka 2018, katika Rosales-Mireles v. United States, Mahakama ya Juu ilisema kosa la hesabu ya namna hiyo kwa kawaida lirekebishwe hata kama wakili hakulipinga. Kwa hiyo, kabla ya kubishania hatia, pitieni na wakili ukurasa kwa ukurasa ile ripoti ya kabla ya adhabu: makosa ya zamani yamehesabiwa sawasawa? Kiasi cha dawa au fedha kimetoka wapi?

Kama ndugu yako hana uwezo, mahakama humpa wakili wa rufaa bila malipo. Huyo akiona hakuna hoja, huandikia mahakama hivyo na kuomba kujitoa. Mteja hupewa nafasi ya kujibu mwenyewe. Asiiache ipite kimya.

Hatua ya 5: Kwa ombi la 2255, tafuta kilicho nje ya kumbukumbu

Huku ndiko mahali pa kulalamikia wakili. Aliyepaswa kutoa hoja kwenye rufaa akaiacha, kwa kawaida haruhusiwi kuileta hapa. Na hoja iliyokwisha kukataliwa kwenye rufaa hairudiwi. Lakini udhaifu wa wakili unaweza kuletwa hapa kwa mara ya kwanza. Kipimo ni cha Strickland v. Washington, 1984, chenye sehemu mbili: wakili alifanya kazi chini ya kiwango kinachokubalika, na isingekuwa hivyo kuna uwezekano wa maana kwamba matokeo yangekuwa tofauti. Wengi huthibitisha ya kwanza na kushindwa na ya pili.

Kwa wasio raia, kesi mbili ni za kujua kwa jina. Padilla v. Kentucky ya 2010 inamtaka wakili amweleze mteja kama kukiri kutamletea kufukuzwa nchini. Lee v. United States ya 2017 inaonyesha namna ya kushinda. Jae Lee, aliyekuja Marekani akiwa mtoto kutoka Korea Kusini, aliambiwa na wakili wake kwamba hatafukuzwa, akakiri, haikuwa kweli. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito, na bado alishinda, kwa sababu alithibitisha kwa mambo ya wakati uleule kwamba kufukuzwa ndiko alikokuogopa kuliko jela: alikuwa akimuuliza wakili tena na tena, na wakili mwenyewe alikiri hivyo. Maneno ya "ningejua nisingekiri", yakisemwa baada ya miaka bila kitu cha kuyashika, mahakama huyapita.

Sasa suala la ukalimani, ambalo naona linawaumiza watu wetu kimyakimya. Mtu wa Bukavu au Uvira anapewa mkalimani wa Kiswahili cha Mombasa, anashika nusu ya maneno, na jaji akiuliza "umeelewa?" anajibu ndiyo kwa heshima. Kumbukumbu za mahakama zinaandika Kiingereza cha mkalimani tu. Kiswahili kilichosemwa hakimo. Kwenye rufaa hakuna cha kuonyesha, na ile "ndiyo" inabaki: tangu Blackledge v. Allison ya 1977, maneno aliyoyasema mtuhumiwa mbele ya jaji wakati wa kukiri yanachukuliwa kuwa ya kweli mpaka yabomolewe kwa ushahidi mahususi.

Kwa hiyo, kama kesi bado inaendelea, pingamizi liwekwe palepale, kwa sauti, kwamba simwelewi mkalimani huyu. Kama imekwisha, jengeni hoja kupitia wakili: je, aliambiwa mapema kwamba hawaelewani? Alizungumza na mteja gerezani na mkalimani yupi, mara ngapi? Alimsomea makubaliano kwa lugha gani? Malipo ya wakalimani wa mawakili wa umma huacha hati. Ombi lisilo na majina, tarehe na mahali, jaji anaweza kulitupa bila hata kuitaka serikali ijibu.

Hatua ya 6: Viapo vya mashahidi, hata kutoka nyumbani

Hapa familia zinapoteza pesa bure. Sheria ya shirikisho, kifungu cha 1746 cha Kitabu hichohicho cha 28, inaruhusu shahidi kuandika tamko bila kwenda kwa mthibitishaji viapo, mradi atangaze kwamba anayosema ni kweli akijua adhabu ya kusema uongo, aweke tarehe na saini. Aliye nje ya Marekani aongeze kwamba anatangaza hivyo chini ya sheria za Marekani. Mama aliye Kigoma anaweza kuandika kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kisha iambatanishwe tafsiri ya Kiingereza na tamko la mtafsiri kwamba anazijua lugha zote mbili na ametafsiri kwa ukamilifu. Msimwandikie maneno ya kisheria. Aseme alichoona na kusikia, siku gani, nani alikuwepo.

Hatua ya 7: Pima ushindi utaleta nini

Ushindi wa rufaa kwa kawaida ni karatasi ya kurudisha kesi chini. Wadih el-Hage, aliyewahi kuishi Nairobi na kuhukumiwa katika kesi hiyohiyo ya balozi, alifanikiwa mwaka 2008 kurudishiwa suala la adhabu yake. Mwaka 2013 alihukumiwa tena: kifungo cha maisha, kama mwanzo.

Kwa aliyekiri kosa, kufuta kukiri ni kurudi mwanzo kabisa, pamoja na mashtaka yaliyokuwa yamefutwa kwenye makubaliano. Kama alipewa miaka 5 badala ya 15 kwa kukiri, fikirieni mara mbili. Kwa asiye raia ambaye kufukuzwa ndiko kubaya zaidi, hesabu inaweza kuwa tofauti, kama ilivyokuwa kwa Lee. Kwa upande mwingine, mrufani akikata rufaa peke yake bila serikali kukata ya kwake, mahakama ya rufaa haiwezi kumwongezea adhabu kwa hiari yake. Mahakama ya Juu ilisema hivyo 2008 katika Greenlaw v. United States.

Hatua ya 8: Milango inayofuata, na ile iliyofungwa

Ombi la 2255 likikataliwa, hakuna rufaa ya moja kwa moja. Lazima ipatikane hati ya ruhusa, kwa kuonyesha kwamba majaji wenye busara wangeweza kubishana juu ya hoja hiyo. Muda wa notisi ni siku 60. Kwa mfungwa wa jimbo chini ya 2254 ni siku 30.

Ombi la pili la 2255 ni nadra. Mahakama ya rufaa ndiyo huruhusu, kwa sababu mbili tu: ushahidi mpya wenye nguvu ya kuonyesha kwamba hakuna jopo la raia lenye busara ambalo lingemtia hatiani, au kanuni mpya ya kikatiba ambayo Mahakama ya Juu yenyewe imesema inawahusu hata waliohukumiwa zamani. Ilitokea hivyo baada ya Johnson v. United States ya 2015: kipengele kimoja cha sheria ya silaha kilifutwa, na wafungwa wengi wakapunguziwa miaka. Lakini tafsiri mpya ya sheria ya kawaida, ambayo si kanuni ya Katiba, haisaidii tena, tangu Jones v. Hendrix ya 2023. Ndiyo maana ombi la kwanza lisipelekwe kwa haraka likiwa na hoja moja mbovu. Huenda ndilo la mwisho.

Kwa wafungwa wa majimbo kizingiti ni kirefu zaidi. Sheria ya 1996, aliyoisaini Rais Clinton mwaka mmoja baada ya mlipuko wa Oklahoma City, inamzuia jaji wa shirikisho kubadilisha uamuzi wa jimbo kwa sababu tu anaona umekosea. Uwe umekosea kiasi kwamba jaji yeyote mwadilifu asingeukubali.

Aliyezuiliwa na uhamiaji yuko mahali pengine kabisa, na takwimu zilizo hapo juu zisimkatishe tamaa. Zadvydas v. Davis ya 2001 inasema mtu aliyekwisha amriwa kuondoka asishikiliwe bila kikomo kama hakuna dalili ya nchi kumpokea karibuni. Miezi 6 ndiyo alama ya kuanzia. Ombi hupelekwa katika wilaya alikozuiliwa, kwa hiyo likiwezekana liwasilishwe kabla hajahamishwa.

Na wakati mwingine mlango bora si rufaa wala habeas. Jedwali la adhabu likibadilishwa na mabadiliko yakawahusu hata waliokwisha kuhukumiwa, kama yalivyofanywa marekebisho ya 2023 kwa wasio na makosa ya awali, ombi fupi kwa jaji linaweza kupunguza miezi. Mgonjwa sana au mzee anaweza kuomba kuachiliwa kwa huruma. Tangu sheria ya 2018 huomba mwenyewe mahakamani, akishamwandikia mkuu wa gereza na kungoja siku 30.

Kabla ya kutoa pesa

Hakikisha jina la wakili lipo kwenye orodha ya chama cha mawakili cha jimbo lake. Orodha hizo ziko wazi mtandaoni. Mwulize: ni hoja gani hasa, ipo ukurasa gani wa kumbukumbu, pingamizi liliwekwa, tarehe ya mwisho ni lini? Wakili mzuri atakujibu, au atasema bado hajasoma na atakutoza kwanza kwa kusoma tu. Makubaliano ya namna hiyo ndiyo ninayoyapendekeza: kulipia usomaji wa jalada na maoni ya maandishi, kabla ya familia kuuza kiwanja kwa ajili ya kesi nzima. Anayekutajia asilimia ya ushindi kabla hajafungua jalada, usimpe hata nauli.

Na kwenye simu za gereza na barua pepe za gereza, msizungumzie kilichotokea siku ya tukio, hata kwa Kilingala, Kinyamulenge au kwa mafumbo. Vyote hurekodiwa, na serikali ina wakalimani. Ongeeni habari za watoto, za afya, na tarehe ambayo wakili atampigia kwa laini isiyorekodiwa.